Mapipa Matatu, Lori Moja

Mwanafunzi arejeapo chuoni kutoka mafunzo ya nyanjani, aghalabu huulizwa maswali mawili: je, daftari limepigwa muhuri, na je, ripoti iko tayari? Swali la tatu, kwamba alijifunza nini na kwa nani, huachwa lijijibu lenyewe. Mimi nami niliulizwa hayo mawili mwaka wa 2018, nilipomaliza majuma 12 katika mradi wa kuchakata taka wa chuo kikuu kimoja humu nchini. Nilipewa alama nzuri ambazo sikuzistahili, na leo nataka kuungama.

Mradi ule ulizaliwa katika shauku ya wakati wake. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilikuwa imeanza kutekelezwa, na faini ya hadi shilingi milioni 4 ikawatia watu hofu. Chupa za plastiki hazikuguswa na marufuku hiyo, nazo ndizo zilizokuwa zimetapakaa nje ya mabweni na kuziba mitaro. Basi chuo kikanunua mapipa ya rangi tatu: la karatasi, la plastiki na la makombo. Yakazinduliwa kwa hotuba ndefu. Sisi wanagenzi tukakabidhiwa glavu, mizani na majedwali, tukaagizwa kupima kila asubuhi kilichomo katika kila pipa.

Juma la kwanza nilipima kwa bidii ya mgeni. Juma la pili, siku moja nilipochelewa kuondoka, nililikuta lori la taka nyuma ya jiko. Vibarua walilimwaga pipa la kwanza, wakalimwaga la pili juu yake, kisha la tatu. Maganda ya viazi, madaftari, chupa na mchuzi wa maharagwe, vyote vikawa kitu kimoja, vikaondoka kuelekea jaani. Nilipomuuliza dereva, alinijibu kwa upole kwamba lori lake lina tumbo moja tu.

Elimu ya kweli niliipata mahali papo hapo nyuma ya jiko, kwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiokota chupa na karatasi chuoni humo tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alikuwa akifika alfajiri na kuzitenga akiwa ameketi juu ya debe. Aliniona nikizipanga chupa pamoja na vifuniko vyake, akacheka.

"Mwanangu, mnunuzi atakukata bei," akasema.

Akakata kipande cha chupa, akakitia ndani ya ndoo ya maji pamoja na kifuniko. Kipande kikazama, kifuniko kikaelea. Hizo ni plastiki mbili tofauti, nazo haziyeyushwi pamoja. Nilikuwa nimesoma habari za polima muhula mzima na kufaulu mtihani, ila sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo kwa macho. Ni yeye pia aliyenifunza kwamba karatasi nyeupe ya ofisini hununuliwa ghali kuliko ya mchanganyiko, na kwamba iliyofungiwa chipsi haifai, maana mafuta huharibu rojo. (Karatasi nyeupe kuliko zote chuoni, yaani vijitabu vya mitihani ya zamani, zilikuwa zimefungiwa ghalani kwa hofu ya kutoa siri. Panya walikuwa wakizichakata bila kuhitaji mafunzo ya nyanjani.)

Mwezi wa pili walinzi waliamriwa wasimruhusu mwokotaji yeyote kuingia, kwa kuwa sasa chuo kina mradi wake. Mama akabaki nje ya lango. Asubuhi zilizofuata nilipopima, uzito wa plastiki na karatasi ulikuwa umepanda sana. Nilijua sababu: zile alizokuwa akizichukua alfajiri na kuzifikisha kwa mnunuzi sasa zilibaki ndani ya mapipa, zikilisubiri lori la tumbo moja. Mradi wa kuokoa taka ulikuwa umezidisha taka jaani, tena ukamnyima mtu riziki yake.

Nami niliandika nini? Niliandika kwamba ongezeko hilo ni tunda la uhamasishaji wa wanafunzi. Msimamizi alifurahi, akagonga muhuri.

Nasema haya kwa sababu Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inazitaka taasisi za umma na za kibinafsi zitenganishe taka zinazooza na zisizooza. Ni sheria njema. Kwa ajili yake mapipa mengi yatanunuliwa na wanagenzi wengi watatumwa kuyapima. Wahadhiri wenzangu, kabla hamjamtuma mwanafunzi, ulizeni lori huenda wapi, na ni nani aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kabla ya mradi kuzaliwa. Mtu huyo apewe kibali cha kuingia na malipo ya kumfunza mwanagenzi, na sahihi yake iwe daftarini kando ya muhuri. Na mwanafunzi akileta ripoti isemayo kwamba mradi umeshindwa, akaonyesha mahali uliposhindwa, msimpunguzie alama. Mimi niliogopa kupunguziwa, ndipo nikaandika nilichoandika.

Ripoti yangu ingali katika rafu za idara ile, na nimeambiwa kwamba wanagenzi wapya huonyeshwa kama kielelezo. Majedwali yake ni sahihi hadi gramu. Mama yule hatajwi popote.