Ardhi ya Kijiji na Wajibu wa Familia: Nguzo za Makazi Nchini China

Katika miji mikubwa ya China, watu wanaolala barabarani ni wachache wakilinganishwa na wingi wa wakazi wake. Hali hiyo ina sababu kadhaa, lakini iliyo kubwa zaidi haipo mjini bali kijijini.

Ardhi ya vijijini nchini humo ni mali ya pamoja ya wanakijiji. Kaya ya mkulima hupewa shamba kwa mkataba pamoja na kiwanja cha makazi, ambacho hairuhusiwi kumuuzia mkazi wa mjini. Hivyo, mfanyakazi aliyehamia Shenzhen au Guangzhou akipoteza ajira, bado ana nyumba ya kurejea. Kinga hiyo ina uzito mkubwa, kwa kuwa wafanyakazi wenye asili ya vijijini wanakaribia milioni 300. Baadhi yao, wawapo kazini, hulala katika mabweni ya viwanda au kambi za ujenzi.

Kwa upande wa miji, mageuzi ya mwaka 1998 yalikomesha ugawaji wa nyumba kupitia sehemu za kazi, na familia nyingi zikauziwa kwa bei nafuu nyumba zilizokuwa zikiishi. Familia nayo ina wajibu wake: sheria ya mwaka 1996 inawataka watoto kuwatunza wazazi wao wazee, yakiwemo makazi. Wazazi nao, kwa desturi, huchangia akiba yao kumnunulia nyumba kijana anayeoa.

Serikali ilianzisha posho kwa kaya maskini za mijini mwaka 1999 na kuieneza vijijini mwaka 2007. Aidha, mwaka 2003, kufuatia kifo cha kijana Sun Zhigang akiwa kizuizini Guangzhou, utaratibu wa kuwakamata na kuwarejesha makwao wasio na vibali ulifutwa. Badala yake vilianzishwa vituo vya misaada, ambako mhitaji huingia kwa hiari na kupatiwa chakula, malazi na usafiri wa kurudi kwao.

Hata hivyo, mfumo huo una gharama zake. Usajili wa kaya, uliowekwa kisheria mwaka 1958, hufungamanisha huduma nyingi na mahali mtu alipoandikishwa, hivyo watoto wa wahamiaji hupata ugumu wa kusoma katika shule za umma za mijini. Aidha, anayerejea kijijini hukuta nyumba, lakini si lazima akute ajira. Changamoto inayoikabili China ni kuwafungulia wahamiaji milango ya miji bila kuwaondolea kinga ya ardhi waliyoiacha nyuma.