Gurudumu Lililopotea

Katika karakana yetu hapa Nsambya mna kerezo kongwe la Kiingereza. Muhula uliopita lilikaribia kuuzwa kama chuma chakavu, maana gurudumu lake moja la meno 20 lilikuwa limepotea.

Parafujo ndefu inayovuta kisu cha kerezo hilo ina nyuzi 8 kwa inchi. Gurudumu la meno 20 likizungusha la meno 40, kisu hukata nyuzi 16 kwa inchi. Pasipo gurudumu hilo hatukuweza kuifanya kazi hiyo.

Nilipima upesi upesi, nikamwagizia fundi mmoja wa Katwe meno ya kipimo cha milimita, kwa kuwa kwa macho yalifanana na yetu. Tulipolifunga, kerezo likanguruma na meno yakasagana. Kosa lilikuwa langu, wala si la fundi.

Nikaanza upya. Kwanza, nilihesabu meno ya gurudumu lililobaki: 40. Pili, nilipima upana wake toka ncha hata ncha: inchi 2.1. Tatu, niliongeza 2 juu ya meno, nikagawanya 42 kwa 2.1, nikapata 20. Basi gurudumu lililopotea lilitakiwa kuwa na upana wa 22 kugawanya kwa 20, yaani inchi 1.1. Lile langu la kwanza lilipungua kwa kiasi kisichofika nusu milimita!

Sasa kerezo linafanya kazi. Ndugu mliotutangulia, msitupe magurudumu ya zamani. Nasi tulio shuleni, tusizidharau hesabu.