Kidude cha Kuchunga Moto wa Kubanikia Samaki

Mama yeyote anayebanika samaki kando ya ziwa anaijua kazi hii. Mbuta wamefika jioni, mmewapasua, mmewaosha na kutia chumvi, na sasa ni kukesha na moto. Ukisinzia nusu saa tu, makaa yameshika kwa nguvu, samaki wa chini wameungua nje na ndani bado ni wabichi. Asubuhi mnunuzi anamgeuza mmoja, anataja nusu ya bei, na huna la kumwambia.

Siku hizi kuna kidude cha kuuchunga moto huo. Kinatumiwa sana Marekani na watu wanaopika nyama ya nguruwe polepole kwa moshi, kwa joto la kama nyuzi 107 za Selsiasi, saa kumi na zaidi. Wao pia walichoka kukesha.

Ndani ya pipa hukaa sindano ya chuma yenye waya, inayopima joto. Nje kuna kisanduku chenye namba, ambapo unaweka joto unalotaka. Kwenye tundu la chini la pipa hufungwa feni ndogo ya volti 12. Joto likishuka chini ya namba uliyoweka, feni inapuliza makaa. Likifika, feni inanyamaza. Basi, ni hayo tu. Ni kama mtoto anayepepea jiko, ila huyu hasinzii.

Sasa hapa ndipo wengi hukosea. Kidude kinaweza kuongeza moto, lakini kuupunguza hakiwezi. Moto hupungua kwa kukosa hewa, na kama pipa lina nyufa, hewa itaingia hata feni ikiwa imelala. Mimi mwenyewe nimeyaona. Tuliweka nyuzi 80, feni ikazima kabisa, na namba zikaendelea kupanda mpaka 140. Tulikilaumu kidude. Kumbe mlango wa pipa ulikuwa umepinda, kidole kinapita!

Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, lijaribu pipa lako. Choma majani mabichi kidogo ndani, funga kila mahali, halafu zunguka uone moshi unatokea wapi. Ziba kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na jivu, na mlango umpe fundi wa jua kali aunyooshe. Bomba la juu la kutolea moshi liache wazi kidogo tu. Na pipa lililowahi kubeba dawa za shamba lisitumiwe kabisa, hata ukilichoma mara kumi.

Wakati wa kuwasha, panga makaa yasiyowaka, kisha juu yake weka vipande vichache vilivyoshika. Ukiyawasha yote kwa mara moja, feni haitakuwa na kazi na wewe utakuwa na kazi nyingi. Sindano ikae usawa wa samaki, isiguse chuma wala samaki wenyewe. Na ukitaka kufungua mlango, zima feni kwanza. Usipozima, hewa baridi inagusa sindano, kidude kinadhani moto unakufa, kinapuliza kwa nguvu zote, na ukifunga mlango joto linaruka.

Sisi huanza na nyuzi 50 kwa saa moja hivi ili ngozi ikauke, halafu 80 au zaidi kidogo mpaka mwisho. Lakini kumbuka, namba ya kisanduku ni joto la hewa. Nyama yenyewe, pale ilipo nene karibu na uti wa mgongo, ifike 63 na ikae hapo nusu saa. Pima kwa kipima joto cha kuchoma ndani ya nyama. Moshi wa rangi na harufu nzuri unatokana na vipande vichache vya mti mgumu, kwa mfano mpera, juu ya makaa. Paini na saipresi zina utomvu, ziache. Weka pia sinia la bati kati ya moto na samaki, kwa sababu mafuta yakidondokea makaa hutoa moshi mbaya wenye sumu inayoshika kwenye samaki.

Stima ikipotea je? Feni inasimama, moto unafifia, na samaki wanabaki vuguvugu. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vijidudu huzaana kwa haraka. Ndiyo maana afadhali kutumia betri iliyochajiwa, na mtu mmoja alale karibu. Nimesema karibu. Asilale ndani ya banda la moshi, kwa kuwa makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hafariki kwa kelele.

Kama unabanika beseni moja kila Jumamosi, usikinunue. Mwambie fundi akukatie kifuniko cha bati cha kusukuma kwenye tundu la chini, tafuta kipima joto, na utauongoza moto kwa mkono. Kikundi chenye mapipa mawili au matatu na zamu za usiku, hao ndio ningewaambia wachange. Hata hivyo wanunue kimoja kwanza, wakitumie mwezi mzima, waandike kwenye daftari makaa waliyotumia na samaki walioharibika, halafu ndipo wakae waamue kama wanataka cha pili.