Kidimbwi chako kinapoteza maji? Pima kwanza, chimba nyuma



Katika mwezi wa sita, kiangazi kikiwa kimeanza, mama mmoja wa Luhwindja aliniita nyuma ya nyumba yake. Kidimbwi chake cha samaki, ile sisi wote tunaita etangi, kilikuwa na mita 10 kwa 10, ni kusema are moja. Kila asubuhi maji yalikuwa yameshuka. Watoto walikuwa wanachota kwa bidoni mbele ya kwenda masomo, na walikuwa wanachelewa. Jirani wa chini naye alilalamika: muhogo wake ulikuwa unaoza ndani ya udongo wenye maji, na mvua hakuna. Bwana ya mama alikuwa kwenye mashimo ya zahabu. Mama alishachoka. Alitaka kufukia kidimbwi apande mboga.

Mimi nilikosea. Niliangalia mara moja tu nikasema: chini kuna mchanga, nunua shitingi. Mama akanijibu: «Na pesa ya shitingi itatoka wapi, mwanangu?» Njo tukaanza kupima, kitu nilipaswa kufanya toka mwanzo.

1. Ni jua ao ni tundu?

Kila kidimbwi kinapoteza maji kidogo juu ya jua na upepo. Ili kujua, kata bidoni ya lita 20 upande wa juu, weka mawe ndani, isimamishe mahali maji si marefu. Jaza maji ndani yake mpaka yalingane na maji ya inje. Weka alama ndani na alama inje. Funga maji yanayoingia na yanayotoka, ngojea siku mbili bila mvua.

Maji ya bidoni yanapungua juu ya jua peke yake. Maji ya kidimbwi yanapungua juu ya jua na tundu. Tofauti kati ya zote mbili njo inapita kwenye tundu.

Kwa mama yule tofauti ilikuwa sentimita 4 kwa siku. Fanya hesabu: kwa are moja, sentimita 1 ni lita 1.000, ni kusema bidoni 50. Sentimita 4 ni bidoni 200 kila siku. Watoto gani wataweza kuchota ile?

2. Maji yenyewe yataonyesha tundu

Simika kamuti kenye alama za sentimita, acha maji yashuke bila kuongeza. Angalia kila asubuhi. Kama maji yanashuka mbio, halafu yanasimama ao yanashuka polepole sana, tundu liko kwenye kimo kile. Zunguka ukingo wote kwa kimo kile, papasa kwa mkono. Saa ya asubuhi, wakati hakuna upepo, mwanga pumba laini juu ya maji karibu na ukingo: mara ingine inavutwa kwenye tundu. Upande wa inje tafuta mahali penye majani mabichi na udongo laini.

Kama maji hayasimami hata kidogo, angalia bomba la kutolea maji, kisha udongo wa chini. Na maji yakifika chini ya magoti, hamisha samaki kwenye kashimo kengine kenye maji.

Angalisho: kama maji yanayotoka inje ni ya matope, yanabeba udongo wa ukingo. Kwenye kilima kama chetu, ukingo unaweza kupasuka. Punguza maji palepale na uambie watu wanaokaa chini.

Kwa mama, maji yalisimama sentimita 30 chini ya kimo cha kawaida. Pale tulikuta kisiki cha kaliptusi kilichobaki ndani ya ukingo siku ya kuujenga. Kilikuwa kimeoza, kikaacha njia ya maji.

3. Kufunga tundu

Funga kutoka ndani ya kidimbwi. Ukiziba inje, maji yatasukuma udongo wako na kuutoa.

- Shusha maji chini ya tundu. Chimba mpaka kwenye udongo mgumu, toa mizizi yote, ongeza nusu mita kila upande.
- Tafuta udongo wa kufinyanga. Fanya mpira kwa udongo wenye ubichi kidogo, urushe juu ya kichwa, uudake. Kama haupasuki, unafaa.
- Lowesha kuta za shimo ili udongo mpya ushikamane na wa zamani.
- Jaza sentimita 15, piga kwa gogo mpaka kisigino hakiachi alama. Ongeza zingine 15, piga tena. Usichanganye majani wala mawe.

Kama ni chini kote kunapitisha maji, toa samaki, kausha kidimbwi. Tandaza mavi ya nguruwe ao ya ngombe sentimita 10, funika na majani ya migomba, juu weka udongo sentimita 10 na kuupiga vizuri. Acha juma mbili ao tatu. Vitu vile vikioza bila hewa vinafanya utelezi unaoziba vitundu vya udongo. Kisha ingiza maji polepole, na usirudishe samaki wakati maji yangali yananuka.

Kazi ya mama ilimalizika kwa siku mbili, watu wanne na gogo moja. Tulipima tena kwa bidoni: tofauti haikufika nusu sentimita. Shamba la jirani likakauka, na watoto wakaacha kuchota. Pesa ya shitingi haikutoka.

Mvua zitarudi mwezi wa tisa. Mbele ya ile siku, kila memba apime kidimbwi chake, halafu koperative ipange salongo kwa wale wenye matundu.