Mama Amekataa Dawa Tena

Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau akikaza midomo mbele ya kidonge, watu wa nyumbani huona ukaidi. Mara nyingi si ukaidi. Wengi wa wazee hawa hawajui kabisa kwamba wanaumwa, kwa sababu ubongo uliopaswa kuwajulisha ndio ulioharibika. Ukimwambia "mama, una presha, daktari kasema umeze," hana pa kuiweka habari hiyo. Anachokiona ni mtu ambaye huenda jina lake limempotea, anamsogezea kitu kichungu mdomoni asubuhi na mapema. Wewe na mimi tungekataa pia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na maradhi haya, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba takriban watu 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa huu. Dawa za kusahau kwenyewe, kama donepezili, haziponyi. Huwapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda. Kwa hiyo vidonge vinavyogombewa majumbani mwetu kwa kawaida ni vya presha, sukari na moyo, maradhi ambayo mzee alikuwa nayo tangu zamani na kuyamezea dawa bila kusukumwa.

Basi kabla ya kubishana naye, mchunguze. Fungua kinywa uone kama kuna jino bovu au kidonda. Mtazame anavyokunywa maji: akikohoa au kupaliwa, koo lake limeanza kushindwa kumeza, na kidonge kikubwa cha metformini kinamtisha kwa haki. Dawa ya kukojoza akipewa jioni, usiku atalowesha kitanda. Sababu ataisahau, lakini chuki na kile kidonge inaweza kubaki. Muulize daktari kama dawa hiyo inaweza kuhamia asubuhi. Na yule aliyekuwa akimeza vizuri hadi juzi, leo anakataa kila kitu na kuweweseka, apelekwe hospitali. Ugonjwa wa kusahau hauruki hivyo kwa usiku mmoja. Tafuta maambukizi ya mkojo, choo kigumu, homa au maumivu asiyoweza kuyaeleza.

Wako pia wanaokataa kwa sababu wanayoiheshimu kuliko dawa. Bibi aliyefunga Ramadhani maisha yake yote anaweza kukuambia mwezi wa tano kwamba amefunga. Hapo hakuna faida ya kumletea kalenda, wala kumkumbusha kwamba dini imemruhusu mgonjwa kula. Dawa nyingi za presha, amlodipini mojawapo, ni kidonge kimoja kwa siku, na daktari akikubali kinaweza kutolewa baada ya magharibi pamoja na tende na uji. Kwa wengine magharibi ndiyo saa mbaya kuliko zote, giza likiingia wanahangaika na kutaka kurudi "kwao". Hao wapewe asubuhi. Saa nzuri ya mzee wako unaijua wewe unayeshinda naye, si ndugu aliyeko mbali anayetoa maagizo kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Anayetoa dawa naye ana uzito wake. Binti akikataliwa, mjukuu anayeitwa "mume wangu" anaweza kuingia na utani wake, akaketi, akanywa chai na bibi, na kidonge kikapita katikati ya kicheko. Akikataa, ondoka. Rudi baada ya nusu saa kama mtu mpya, kwa sababu kwake huenda kweli ni mpya. Kumbana pua au kumshika mikono ni ukatili, na dawa inaweza kuingia njia ya hewa.

Jaribu kubwa zaidi ni kuificha kwenye uji. Naelewa linakotoka, lakini mzee akiugundua ule uchungu, neno lake litakuwa "mmeniwekea kitu". Katika nyumba zetu shutuma hiyo haiishii chumbani: inamwangukia mkamwana, inavuka ukuta hadi kwa majirani, na kesho mzee amekataa na uji wenyewe. Tena si kila kidonge kinasagwa. Vile vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole, kama aina fulani za nifedipini na metformini, ukivisaga dawa ya kutwa nzima inamwagika mwilini kwa mpigo. Mfamasia anaweza kukuambia kipi kinasagwa na kipi kina dawa yake ya maji. Kuficha kuwe uamuzi wa daktari na familia kwa pamoja, tena baada ya njia nyingine kushindwa.

Swali ambalo familia nyingi haziulizi ni kama vidonge vyote hivyo vinahitajika. Weka kila kidonge kilichomo ndani kwenye mfuko mmoja uupeleke kliniki, pamoja na vya duka la dawa na vya mitishamba. Piriton na amitriptilini zinajulikana kwa kuwavuruga wazee kumbukumbu, na bado zimo katika mifuko mingi. Ukipewa haloperidoli ili "atulie", uliza kwa nini na kwa muda gani: mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2005, ikapanua onyo mwaka 2008, kwamba dawa za kundi hilo zinaongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa huu. Vidonge vinane vikibaki vitatu, ugomvi nao unapungua.

Ukiwa hapo hapo kliniki, mwombe daktari akuandikie kwenye karatasi dawa zisizoruhusiwa kukatika. Insulini, dawa za kifafa na baadhi ya dawa za moyo kama atenololi haziachwi ghafla. Mzee akizikataa hizo kutwa nzima, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpigie daktari au mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.