Hadithi za Zamani: Lipi ni Kweli, Lipi Limetungwa?

Karibuni darasani, ninyi mlioko Buigiri na ninyi nyote mliokaa kuizunguka redio katika vijiji vya jirani. Mwenye daftari na alifungue. Asiyeona na amwombe mwenziwe amwandikie, kwani maoni si mali ya mwenye macho peke yake.

Somo letu la leo ni riwaya za historia. Riwaya ni hadithi ndefu iliyotungwa. Riwaya ya historia ni ile inayosimulia zama zilizopita, na ndani yake mtungaji huchanganya mambo yaliyotukia kweli na watu aliowabuni mwenyewe.

Wasomaji wa vitabu hivi hawakubaliani. Wako wasemao, “Huu ni uwongo, kwa sababu watu hawa hawakuwako.” Wako na wengine wanaoamini kila neno, kwa kuwa limepigwa chapa. Wote wawili wanapotea njia. Na tuone kwa mfano.

Bwana Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Riwaya yake moja aliyoiandika kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994, na mwaka 2022 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, imefasiriwa na Bibi Ida Hadjivayanis. Humo tunasoma habari za Yusuf, mtoto wa miaka 12. Baba yake ana deni kwa tajiri Aziz, basi mtoto anachukuliwa kwa ajili ya deni lile. Anafanya kazi dukani huko pwani, kisha anakwenda bara pamoja na msafara wa biashara. Mwishoni wanatokea askari wa Kijerumani wakikamata watu.

Yusuf hakuwako. Lakini watu kuwekwa rehani kwa deni, misafara ya bara, na askari wa Wajerumani, hayo yalikuwako. Basi tukisoma riwaya ya namna hii, tujiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Ni zama zipi? Tafuta alama. Katika Peponi mna gari moshi, na mna Wajerumani. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914. Kwa alama kama hizi msomaji hukisia kuwa ni miaka iliyotangulia vita, wakati misafara ya miguu ilipokuwa inakwisha.

Swali la pili: Ni nani anayesema? Wafanya biashara wa msafara ule huwaita watu wa bara washenzi. Msomaji wa bara aweza kukasirika na kukifunga kitabu. Lakini maneno hayo ni ya wahusika. Mtungaji anatuonyesha walivyofikiri, na pia anatuonyesha kuwa hao hao waliojiona wastaarabu walishika watoto wa watu kwa deni. Tusimtwike mtungaji matusi ya mhusika wake.

Swali la tatu: Ni nani ambaye hakupewa nafasi ya kusema? Hapa Ugogo swali hili latuhusu sana. Misafara ya Bagamoyo na Tabora ilipita Ugogo, na wasafiri wengi walilalamika juu ya hongo. Siku hizi hongo ni rushwa. Zamani ilikuwa ushuru wa njia, uliolipwa kwa mtemi. Msafiri aliuona ni unyang'anyi. Lakini nchi hii ni kavu. Wakija mamia ya wapagazi kunywa katika kisima kilichochimbwa kwa ajili ya kaya chache, wenyeji watabaki na nini? Kwa mwenyeji, hongo ilikuwa malipo ya maji na ruhusa ya kupita. Msomaji wa Buigiri akisoma habari za msafara, anayo haki ya kuuliza kisima kilikuwa cha nani.

Tena liko jambo kubwa zaidi. Wakati wa vita ile, Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi katika nchi hii. Waingereza waliposhika Dodoma mwaka 1916 nao wakafanya vivyo hivyo. Kisha mvua zikakosekana. Katika Ugogo ng'ombe ndiye akiba: mtama ukikosa, humbadilisha kwa chakula. Ng'ombe walipokwisha kuchukuliwa, akiba iliondoka, na vijana wa kulima walikuwa wamekwenda kubeba mizigo ya jeshi. Ndipo ikaja njaa kubwa ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliyoanza mwaka 1917 na kuua watu wengi sana.

Walioiona Mtunya wamekwisha kufa. Yaliyobaki ni yale waliyowasimulia watoto na wajukuu. Marehemu Mathias Mnyampala alitangulia kutuonyesha njia kwa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954. Tusipoandika yaliyobaki, mtungaji wa kesho atakayetaka kusimulia miaka ile atakuta karatasi za wanajeshi na maofisa tu. Riwaya yake itakuwa na makamanda wengi, na mama aliyezika watoto wake hatakuwamo.

Mwisho, juu ya kutoa maoni. Usiseme tu, “Kitabu ni kizuri,” au “Kitabu ni kibaya.” Sema, halafu ongeza “kwa sababu,” nawe uonyeshe mahali katika kitabu panapokuunga mkono. Maoni yasiyo na sababu ni sawa na deni lisilo na shahidi.

Mazoezi

1. Eleza tofauti ya hongo ya zamani na hongo ya siku hizi.
2. Kwa nini kuchukuliwa kwa ng'ombe kulizidisha njaa?
3. Mwulize mzee mmoja aliyosimuliwa juu ya Mtunya. Andika sentensi tano, pamoja na jina la aliyemsimulia.

Sentensi hizo mje nazo darasani. Kwaherini, mpaka somo lijalo.