Picha bure, ujira uko chini ya migomba

Kabla ya Jiji la Arusha kuanza kutumia picha za setilaiti, kumbukumbu zake za kodi zilikuwa na majengo kama 23,000. Ramani mpya zilipotengenezwa, katika mradi wa kuboresha miji uliogharimiwa na Benki ya Dunia, yakapatikana zaidi ya 102,000. Nyumba hizo hazikuota usiku mmoja. Zilikuwepo, zina watu, zina wapangaji wanaolipa kodi kila mwezi. Halmashauri ndiyo iliyokuwa haizioni.

Wauzaji wa teknolojia wanaipenda sana hesabu hiyo, na wana haki. Lakini bati halina jina la mwenye nyumba. Picha haikwambii kama chini yake anaishi mjane na wajukuu au kuna gesti ya vyumba kumi na viwili. Hilo linamtaka mtu wa kupita mlango kwa mlango, na mwenyekiti wa mtaa awe naye. Isitoshe, mwaka 2016 kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, mtu anaponunua umeme. Ramani nzuri ikabaki na kazi nyingine: mitaro, barabara, leseni za biashara, urasimishaji wa makazi.

Msingi wa shughuli yote hii ya picha za setilaiti si mgumu. Kila kitu kilicho juani hurudisha mwanga kwa namna yake. Jani bichi hula mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi miale ya infraredi, ambayo macho yetu hayaioni lakini kamera ya setilaiti inaiona. Chukua infraredi, toa mwekundu, gawa kwa jumla ya vyote viwili. Shamba linalorudisha asilimia 45 ya infraredi na asilimia 5 tu ya mwekundu linapata 0.8, yaani limestawi. Udongo mtupu wenye 30 na 20 unapata 0.2. Hesabu hiyo ya shule ya msingi ndiyo iliyobeba bidhaa nyingi zinazouzwa leo kwa majina makubwa: ripoti za afya ya mazao, makadirio ya mavuno, hata bima ya mifugo inayolipa malisho yanapokauka, kama ile iliyoanza Marsabit, Kenya, mwaka 2010.

Malighafi yenyewe haina bei tena. Setilaiti ya kwanza ya Landsat, ya Marekani, iliruka mwaka 1972, na kwa miaka mingi picha zake zilikuwa bidhaa ya wenye uwezo; moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600. Mwaka 2008 ghala lote likafunguliwa bure. Ulaya ikafuata na Sentinel-2, iliyoanza kuruka 2015: pikseli yenye upande wa mita 10, na picha mpya kila baada ya siku tano. Anayetaka kuona kitu cha sentimita 30 bado analipa, tena kwa kilomita ya mraba, na kuna kiwango cha chini cha kununua kisichomfaa mwenye ekari mbili. Hata hivyo, kijana mwenye kompyuta ya kawaida na programu ya QGIS, ambayo nayo ni bure, anaweza kufungua ofisi Njiro, Arusha, kesho. Ndiyo maana faida haiko kwenye kuuza picha.

Iko wapi? Panda Nkoaranga au Poli, kwenye miteremko ya Meru inayopata mvua, ukaangalie ekari moja ya kihamba, shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Kwa Sentinel-2 ekari hiyo ni pikseli kama 40. Kwa Landsat, nne na nusu. Ndani ya pikseli moja ya Sentinel mna migomba kadhaa, miche ya kahawa, mgrivilea mmoja na pembe ya banda la ng'ombe. Setilaiti inaona kilicho juu, yaani majani ya mgrivilea na ya migomba. Kahawa imejificha kivulini, na kompyuta inaweza kabisa kuliita shamba hilo msitu.

Kosa hilo sasa lina bei. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inakataza kahawa iliyotoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawakungoja, wameanza kudai mahali lilipo kila shamba. Shamba linalozidi hekta nne, yaani karibu ekari kumi, linatakiwa kuchorwa mipaka yake yote. Dogo linatosha nukta moja. Wakulima wengi wa Meru ni wa nukta moja. Mkulima ambaye ramani ya 2020 ilimwita msitu, kisha akakata migrivilea yake mitatu apate ada ya shule, anaweza kuonekana mbele ya mnunuzi wa Hamburg kama mfyeka misitu. Wa kumtetea ni mtu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, aliyefika pale na simu, akachukua nukta, akapiga picha ya mche wa kahawa chini ya mgomba. Hiyo ndiyo kazi inayostahili kulipwa, na kwa maoni yangu ndiyo inayolipwa vibaya kuliko zote.

Kuna pia suala la wingu. Sentinel-2 inapita juu yetu karibu saa tano asubuhi, na saa hiyo Meru mara nyingi imeshajifunika. Juni na Julai ni baridi na ukungu. Anayetaka picha safi asubiri Januari au Februari. Rada, kama ya Sentinel-1, inapenya wingu na kufanya kazi hata usiku. Rada ya aina hiyo ndiyo iliyoonyesha jinsi ardhi ya mlima Gelai ilivyojongea kwa matetemeko ya 2007, mwaka uleule Ol Doinyo Lengai ulipolipuka. Ila kwenye miteremko mikali kama ya Meru picha ya rada hujikunja na kuacha vivuli, na anayeuza huduma hiyo bila kulisema hilo anamwibia mteja.

Walioelewa mapema kwamba picha peke yake haitoshi ni wa biashara ya hewa ukaa. Carbon Tanzania, yenye ofisi Arusha, inauza hati za misitu iliyonusurika Yaeda, kwa Wahadzabe. Setilaiti inapima ni kiasi gani cha msitu kimepotea, lakini walinzi wa kijiji ndio wanaotembea porini, na fungu la mauzo linarudi kwa jamii. Mwaka 2019 Wahadzabe hao walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Droni nazo zina soko, hasa kwa mashamba makubwa ya maua na kahawa, lakini kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) kinatakiwa, na ndani ya hifadhi za taifa hurushi bila ruhusa ya TANAPA.

Kwa vyama vya msingi vya kahawa, la kuamua sasa ni nani anabaki na faili la nukta za mashamba. Nukta zikikusanywa na mnunuzi kwa gharama yake, ni rahisi zikabaki kwake, na chama kikitaka kumuuzia mwingine msimu ujao kitaanza upya shamba kwa shamba. Haki ya chama kubaki na nakala iandikwe kwenye mkataba kabla mtu wa kwanza hajapanda mlimani na simu.